Breki ya Gogo

Simpendi mtu anayelipwa kupima makalio ya wenzake, na nasema hivyo nikijua wazi kwamba kwa miezi minne na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na kitambulisho chenye picha, kalamu iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na ubao wa kushikia karatasi. Dada yangu aliponiona mara ya kwanza na mapambo hayo aliniuliza kama nimeokotwa na watu wa hisani, wakaniandika jina ili nisipotee tena.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kiwanda nilichokuwa karani wake wa stoo, pale Morogoro mjini, kilikuwa kimefungwa. Tuliambiwa tukae mkao wa kungoja, mwekezaji anakuja. Aliyekuja ni mlinzi na kufuli. Wakati huohuo maduka ambayo kwa miaka mingi yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia yalijaa ghafla mpaka barazani. Baiskeli, ambayo zamani uliipata kwa kibali na kwa kumchekea mtu usiyempenda, sasa ilining'inia darini dukani ikiwa bado imeviringishiwa karatasi ya kahawia. Vijana wa milimani kwetu, upande wa Matombo, waliuza mananasi, wakauza mbuzi, wakashuka mjini kwa miguu na kurudi juu wakisukuma baiskeli mpya. Haukupita muda barabara yetu ya mawe ikawa na baiskeli nyingi kuliko watu.

Hawakuzinunua kwa matembezi. Baiskeli ilibeba mikungu miwili ya ndizi kila upande, mmoja juu ya keria, na kama msimu wa machungwa umefika, kiroba kimoja katikati ya fremu. Mlima ukiwa wa kupanda, mtu alishuka akasukuma. Ukiwa wa kushuka ndipo kazi ilipoanza, na hapo ndipo pana jambo ambalo watu wenye shahada hawajalielewa mpaka leo.

Baiskeli zilikuja na breki zake za vyuma na raba. Wenzetu walizifungua wiki ya kwanza na kuzitundika ukutani, kwa sababu walikwisha kuona kinachotokea. Kwenye jua, na mzigo ule, raba iliyeyuka kabla hujafika nusu ya mteremko. Kwenye mvua haikushika kabisa, iliteleza juu ya rimu kama sabuni. Basi wakajitengenezea yao. Juu ya mteremko mrefu, ule wa mwisho kabla ya kuuona mji, kila mwendeshaji alisimama akakata gogo bichi, akalifunga nyuma kwa mpira wa tyubu, akaliburuta. Mzigo mzito, gogo zito; njia ya matope, gogo lenye matawi yaliyoachwa mafupi ili yakwaruze. Kisha mguu mmoja, wenye katambuga, kile kiatu kinachochongwa kutoka tairi la gari, ulikaa tayari kukanyaga gurudumu la nyuma kwenye kona. Walishuka polepole na vumbi jingi, wakafika. Chini ya mteremko walifungua magogo wakayaacha, na wanawake waliokuwa wakiwangoja waliyagawana kwa kuni. Wengine waliagiza kabisa: kesho niletee la mti ule mwekundu, linawaka vizuri. Hakuna aliyefundishwa jambo hili chuoni, na lilikuwa zuri kuliko mengi yanayofundishwa huko.

Ndipo akaja Dokta.

Alikuja na gari jeupe refu, viatu vyeupe, na neno "wahojiwa" ambalo alilitamka kila baada ya pumzi mbili. Siku ya kwanza alipotambulishwa pale kijijini kuwa ni Dokta, mama mmoja alikimbia akamleta mtoto mwenye homa. Dokta akarudi nyuma hatua moja, akaeleza kwamba yeye si daktari wa watu, ni daktari wa usafiri, wa barabara na wanaopita humo.

"Basi mgonjwa wako ndiye huyo umekuja ukimkanyaga tangu mjini," akasema yule mama, akambeba mtoto wake akaondoka.

Dokta alicheka kidogo, akaandika kitu. Aliandika kila kitu isipokuwa alichoambiwa.

Alinichukua mimi kwa sababu mbili: nilijua kusoma na kuandika vizuri, na nilikuwa mwenyeji. Utafiti wake ulikuwa na sehemu tatu, usalama, ustarehe na tabia za waendesha baiskeli, na kila sehemu ilikuwa na kurasa zake. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya mteremko, kumzuia mtu aliyetoka kushuka na shehena ya ndizi, na kumsomea maswali huku jasho likimdondoka kwenye karatasi yangu.

Swali la kwanza lilikuwa: je, baiskeli yako ina breki? Ndiyo au hapana. Siku ya kwanza nilimwendea Dokta nikamwambia kwamba breki ipo, ila ni gogo, na pale mbele yetu magogo yalikuwa yamelala kumi na zaidi, wanawake wakiyapigania.

"Gogo si breki," akasema. "Gogo ni tabia."

Nikaweka alama kwenye "hapana", karatasi baada ya karatasi. Gogo likahamishiwa sehemu ya tatu, kwenye mstari uliosema "kufunga vitu vya hatari nyuma ya chombo". Baadaye akaongeza mstari wa ukataji wa miti. Nilimwona akiwapiga picha wale wanawake na kuni zao kama mtu aliyefumania wezi.

Sehemu ya ustarehe ndiyo iliyokuwa kichekesho chenyewe. Kulikuwa na nyuso tano zimechorwa mstari mmoja, wa kwanza umenuna, wa tano unacheka meno nje, na swali: unaonaje safari yako ya leo? Sasa, mtu yeyote aliyelelewa na mama mwenye akili timamu anajua kwamba ukiulizwa habari unajibu nzuri. Ndiyo adabu. Unajibu nzuri kwanza, kisha unavuta pumzi, ndipo unasema yaliyokusibu. Dada yangu, asubuhi baada ya jiko lake kuungua na paa lote, nilipomuuliza habari za hapa alinijibu, "Nzuri tu, kaka, ila usiku tumeungua." Hakusema uongo. Alinipokea kwanza, halafu akanipa habari. Mtu anayekujibu nzuri na kunyamaza, huyo hajakuambia kitu. Amekuonyesha mlango tu.

Basi waendesha baiskeli walijibu nzuri. Wote. Mtu mgongo umepinda, viganja vimechunika, anasema nzuri. Nami naweka alama kwenye uso unaocheka. Mtu alikuwa akianza, "Sema kiuno hiki, ndugu yangu…" lakini mimi nilikwisha kufungua ukurasa mwingine, maana Dokta aliniagiza nichukue jibu la kwanza. Jibu la kwanza, alisema, ndilo linalotoka moyoni. Alilisema hilo kwa Kiswahili kizuri kabisa, mtu aliyezaliwa na kulelewa papa hapa nchini, ambaye hapana shaka kila asubuhi alimjibu mkewe nzuri hata kama ameamka na jino.

Kulikuwa pia na kisanduku. Kilifungwa chini ya tandiko, kikapima mtikisiko na kuuchora kwenye karatasi nyembamba, milima na mabonde. Lakini kisanduku kilikaa mahali pa kufungia mikungu, kwa hiyo aliyepimwa ilibidi apande baiskeli tupu. Kwa siku tatu watu wazima walipanda na kushuka mlima na baiskeli zisizo na hata ndizi moja, kupimwa ustarehe wa kazi ambayo hawakuwa wakiifanya. Wapita njia waliwashangilia. Dokta alizikunja zile karatasi zake kwa uangalifu akazitia kwenye bahasha.

Nilimdharau, naam. Lakini kila mwisho wa siku nilipanda gari lake, nikateremshwa mbele ya nyumba niliyopanga mjini, na nilihakikisha nashuka upande ambao majirani walikuwa wamekaa. Mtu aliyefungiwa kiwanda hupenda kuonekana akishuka kwenye gari. Dokta aliniambia mara mbili kwamba kuna awamu ya tatu, ya Dar es Salaam, na kwamba watu wenye bidii atawachukua. Tangu hapo nilicheka kila aliposema jambo la kuchekesha, na mara nyingine hata aliposema jambo la kawaida.

Awamu ya pili ilikuwa jaribio. Dokta alileta raba mpya za breki, nzuri, za kutoka nje, kwa ajili ya waendeshaji kumi. Watafungiwa, watashuka na mizigo yao ya kawaida wiki mbili, bila gogo, bila mguu kwenye tairi. Katambuga nazo zilikatazwa, wakaletewa viatu vya turubai vyenye soli nyembamba, kwa sababu kitabu chake kilisema kiatu cha wazi ni hatari. Ilikuwapo pia fomu ya ridhaa. Dokta aliisoma kwa sauti mbele ya watu, akaeleza kwamba hakuna anayelazimishwa.

Watu walimsikiliza kwa heshima zote. Wakasema wazo ni zuri sana, wakamshukuru, wakasema watakuja kesho. Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa yake Dokta alinivuta kando ya gari.

"Wewe si mwenyeji hapa?" akaniuliza. "Akianza mmoja, wengine watafuata. Huna ndugu?"

Nilikuwa naye. Nilikuwa na mpwa, mzaliwa wa kwanza wa dada yangu, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na hakuna aliyejua kushuka mteremko ule kumshinda. Aliweza kulinyanyua gogo mara moja tu mkononi akajua kama litamtosha. Baba yake alikwisha kufariki, na nyumba mbili, ya kwake na ya mama yake, zilikula kwa baiskeli ile na miguu ile. Mashamba yetu yamesimama wima. Mtu asiye na miguu mizima kule hawezi hata kufika kwenye mhogo wake mwenyewe.

Na sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba atamlea, atampenda, lakini mwenye neno ni mjomba. Shamba alilolima mpwa wangu ni la ukoo wetu, mke aliyemuoa mimi ndiye niliyeketi kwenye mazungumzo, na nikimwambia jambo, lilikuwa limekwisha. Hayo sikumweleza Dokta. Ridhaa yake ilikuwa na nafasi ya sahihi moja tu.

Nilipanda kwa dada jioni, jua likiwa bado juu ya mgongo wa mlima. Mpwa wangu alikuwa amerudi, anapaka mnyororo mafuta. Dada alikuwa anamenya ndizi mbichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri tu, ila njia inaanza kuharibika, mawingu haya si ya kuchezea."

"Vizuri. Kesho unafungiwa breki mpya. Wiki mbili tu. Gogo hulifungi, mguu huweki kwenye tairi, na hizo katambuga unaziacha nyumbani, utapewa viatu."

Akaweka chini kile kitambaa cha mafuta.

"Sawa, mjomba. Ila…"

"Ila nini? Nimekwisha kumwambia Dokta umekubali. Hapa hakuna ila."

Dada akasimamisha kisu. "Kaka, mwache amalize."

"Amemaliza," nikasema.

Mpwa wangu alinitazama kidogo, kisha akakiokota kitambaa akaendelea na mnyororo wake. Nilikaa nikala, nikasifia ndizi.

Asubuhi yake Dokta alimweleza haki zake neno kwa neno. Kwamba anashiriki kwa hiari. Kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na hakuna atakayemlaumu. Alimuuliza kama ameelewa. Mpwa wangu aligeuza macho akaniangalia, na mimi nikaitazama fomu, kana kwamba kuna kosa la chapa nimeliona. Akaandika jina lake polepole, herufi kubwakubwa. Wengine walipomwona yeye amefunga breki, tisa wakajitokeza. Dokta alifurahi mpaka akanipiga bega.

Wiki ya kwanza jua liliwaka, na Dokta alibadilisha raba kila baada ya siku mbili, mpya baada ya mpya, bila kujiuliza nani atazibadilisha akisha kuondoka. Watu walifika chini salama. Wale wanawake wa kuni walikaa kwenye kichaka chao mikono mitupu, wakitutazama sisi wawili na saa yetu ya kuhesabu sekunde kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Mmoja alinipita akasema, bila kunitaja, kwamba kuna watu wakivaa kamba shingoni wanasahau nyumba iliyowalea.

Wiki ya pili mvua ikaja. Ilianza asubuhi, ile mvua ya mlimani isiyo na haraka, na kufika saa nne barabara ilikuwa inateremka maji. Nilimwambia Dokta pengine leo tuwaache. Alisema hali ya mvua ni muhimu, ndiyo pengo lililokuwapo katika data. Tukasimama chini ya turubai la gari.

Wale tisa wenzake mpwa wangu walikuwa wamekata magogo mara tu mawingu yalipofunga, na breki za Dokta zikiwa palepale kwenye baiskeli. Hawakumwuliza mtu, wala hawakutoa sababu. Walijitoa kama walivyoambiwa wanaweza. Hao hawakuwa na mjomba aliyesimama chini ya turubai.

Mpwa wangu alitangulia. Nilimwona akitokeza kwenye kona ya juu, mikungu mitano, mgongo umenyooka, na mwanzoni nilidhani anakwenda vizuri, kwa sababu hapakuwa na vumbi wala kelele ya gogo. Kisha nikaona viganja vyake vimebana breki mpaka mwisho na magurudumu yanazunguka tu. Nyuma yake juu, wenzake wakaanza kupiga kelele, wote kwa pamoja, "Weka mguu! Weka mguu wewe!" Hata wanawake wakasimama, wakapiga kelele hiyohiyo. Palikuwa na nafasi. Kutoka kona ya juu mpaka ile ya chini ni mwendo wa kutosha mtu kukanyaga tairi, hata kwa kiatu kile cha turubai, na kupunguza mbio.

Hakuweka. Alikuja hivyohivyo, miguu yote miwili juu ya pedeli, kama nilivyomwagiza, na mimi nilibaki palepale chini ya turubai. Mbele ya ile kona ya chini aliikata baiskeli kuelekea ukingoni ili asituparamie, akapiga jiwe. Ndizi zilisambaa mpaka miguuni mwa Dokta.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu ya goti. Wanawake walifika kabla yangu. Walichana kanga, wakachukua vipande viwili vya gogo kuukuu, wakamfunga mguu ukanyooka, nami nilisimama na ubao wangu mkononi, unalowa. Dokta alitazama saa yake, akaniambia niandike muda. Nadhani hakujua aseme nini kingine, na sina budi kusema kwamba gari alilitoa. Ila kabla ya mgonjwa kuingizwa alipanga kwanza bahasha zake kiti cha mbele zisipate damu.

Kule hospitali walimning'iniza mguu kwa uzito, na akakaa hivyo wiki nyingi. Dada alilala chini ya kitanda chake kwenye mkeka. Hakunisema, alinipisha tu kila nilipoingia. Mara ya tatu nilipoingia nilikuwa na karatasi, kwa sababu Dokta alitaka hojaji ya baada ya tukio, iwe kamili, sehemu zote tatu. Naandika hili polepole kwa sababu bado linanitia haya. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto wa dada yangu, mguu wake umening'inia kama nyama buchani, nikamsomea swali: unaonaje safari yako?

"Nzuri, mjomba," akasema.

Nikaweka alama kwenye uso unaocheka.

Warsha ya kutoa matokeo ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli mjini, na soda, na sambusa, na vitabu vya kuandikia vya bure. Walikuja watu wa ofisini ambao hawakuwahi kupanda Matombo hata kwa kusindikiza msiba. Dokta alionyesha michoro yake ukutani. Akasema waendeshaji kwa ujumla wameridhika sana na ustarehe wa safari zao. Akasema tatizo ni tabia, kupuuza vifaa vya usalama na kung'ang'ania njia za kienyeji. Akasema wakati wa jaribio lilitokea tukio moja tu, na kwamba uchunguzi ulionyesha mwendeshaji huyo, ingawa alikuwa na muda wa kutosha, alishindwa kuchukua hatua mbadala ya kujiokoa.

Hatua mbadala maana yake ni mguu. Ule aliomkataza kuuweka. Ule niliokwenda mimi mwenyewe, kwa niaba yake, kumkataza. Ukumbi ukapiga makofi, na nisijitoe, na mimi nilipiga, soda ikiwa mapajani mwangu. Awamu ya tatu nilikuja kusikia baadaye kwamba ilifanyika. Hawakuniita, na tangu hapo nimekuwa nikijisifu kwamba nisingekwenda. Sijui. Nadhani ningekwenda mbio.

Nilichelewa kupanda mlimani. Nilijipa sababu nyingi, mvua, kibarua, kichwa, mpaka mwaka ukapita. Nilipofika, magogo yalikuwa yamerudi chini ya mteremko, na wanawake wake. Hakuna aliyenisalimia kwa haraka.

Mpwa wangu alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mama yake, anasuka vikapu vya ukindu vya kubebea machungwa ya wenzake. Mguu ulikuwa umeunga, lakini mfupi na umekakamaa, ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Baiskeli alikwisha kuiuza kwa mmoja wa wale tisa. Mkewe, niliambiwa, ndiye aliyekuwa shambani. Alipotaka kuinuka kunipokea nilimzuia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

Nikangoja. Nilikwisha kuyapanga maneno ya kusema baada ya lile ambalo angelisema, njia nzima nilikuwa nayapanga. Nilikuwa tayari kutukanwa. Alivuta ukindu, akaupitisha, akaukaza kwa meno. Akaniuliza kama nitakula. Nikasema nitakula. Akamwita mama yake jikoni, kisha akaendelea kusuka, uso wake mtulivu, mwenye adabu, na nikatambua kwamba kwangu habari zimekwisha.

Tulikaa hivyo mpaka akapita mwanamke mmoja njiani, mzigo wa kuni kichwani, mmoja wa wale wa chini ya mteremko. Alipunguza mwendo bila kusimama.

"Habari za hapo, kaka?"

"Nzuri tu, dada," akajibu mpwa wangu, akauweka ukindu chini na kumgeukia, "ila mguu huu, tangu juzi baridi ilipoanza, siulazi popote ukakubali. Na mtoto mkubwa tumemtoa shule amsaidie mama yake. Sema tu Mungu yupo."

Yule mwanamke akasimama, akatua mzigo wake, akaja kuketi naye. Nikasogea kumpisha.